Simba na Chui Huchaguaje Mahali pa Kuvizia?

Wengi wetu hudhani mnyama mla nyama huenda kuwinda pale penye wanyama wengi. Kwa simba na chui, ambao huvizia, sivyo. Huchagua mahali ambapo windo ni rahisi kulikamata, hata kama wanyama wanaopita hapo ni wachache.

Simba wa Serengeti

Mwaka 2005, watafiti Grant Hopcraft, Anthony Sinclair na Craig Packer walichapisha utafiti wao kuhusu simba wa Serengeti. Waligundua kwamba majira yakibadilika, simba husogea kufuata mawindo. Lakini ndani ya eneo lao hula zaidi kwenye kingo zilizomomonyoka, karibu na maji, vichakani na pale mito inapokutana.

Sababu ni pumzi. Simba ana mbio, lakini hachukui muda anachoka. Pundamilia akimwona mapema, hampati tena. Kwa hiyo ni lazima amkaribie bila kuonekana. Ukingo wa korongo humficha, na mnyama anayeshuka kunywa maji huwa ameinamisha kichwa.

Chui na vichaka

Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye Mlima Meru, haina simba, lakini chui wapo. Utafiti wa mwaka 2007 katika hifadhi ya Phinda, Afrika Kusini, ulionyesha kuwa chui hupenda kuwinda penye vichaka vya wastani. Kwenye uwanda mtupu huonekana. Kwenye msitu mnene sana, ni vigumu hata yeye kuliona windo na kulikamata.

Giza nalo ni maficho

Kati ya mwaka 1988 na 2009, simba walishambulia zaidi ya watu 1,000 nchini Tanzania, hasa mikoa ya kusini. Packer na wenzake walipochunguza matukio hayo, waliona mashambulizi yaliongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, na giza huwakuta watu bado wako njiani au shambani.

Tufanye nini?

Msikilizaji, iwe uko Makumira, Ngurdoto au kijiji chochote kinachopakana na hifadhi, litazame boma lako kwa jicho la mnyama anayevizia:

- Fyeka vichaka vilivyo karibu na zizi na njia ya kwenda mtoni.
- Mbuzi walale kwenye banda imara lenye paa, kwa sababu chui huparamia ua.
- Watoto wasitumwe maji au kuni giza likianza kuingia, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu.
- Ukiona nyayo au mzoga, usifuatilie mwenyewe. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na afisa wanyamapori.

Wanyama wa porini hatuwezi kuwaondoa. Maficho yaliyo karibu na nyumba zetu tunaweza.