King Majuto: Sura Ilijulikana Nchi Nzima, Mkataba Je?

Fungua simu ya kijana yeyote, ingia kwenye stika za WhatsApp. Usishangae ukikutana na mzee mmoja kakunja uso kama mtu aliyeombwa hela wakati mfukoni ana nauli tu. Wengine wanaoituma hiyo stika walikuwa shule ya msingi wakati anafariki, na hawajawahi kukaa chini wakamaliza hata filamu yake moja. Lakini sura wanaijua. Ikitumwa kwenye grupu, hakuna anayeuliza "huyu nani?"

Huyo ni King Majuto. Jina la kuzaliwa ni Amri Athumani, mtoto wa Tanga, wa mwaka 1948. Leo twende kazi na historia yake. Sio ile ya "pumzika kwa amani legend" halafu basi, bali ile ya kazi yenyewe: ilikuwaje, na nani alikula matunda yake.

SIO STERINGI, SIO ADUI

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua sheria. Kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi. Wengine wote wa kujazia tu. Ila kuna kundi lingine ambalo watu hawalitaji. Ni yule mlevi wa baa, yule mlinzi mbishi, yule baba mkwe mwenye gubu. Hapigani wala hamuoi mrembo mwishoni. Lakini akitokea tu kwenye skrini, kibanda kizima kinasema "aah, huyu naye yumo!" na watu wanakaa vizuri.

Hollywood ya zamani ilijengwa na watu wa hivyo. Mfano mzuri ni Walter Brennan, Mmarekani aliyezaliwa 1894. Alianza kwa kupita tu mbele ya kamera na kuigiza vinafasi vya sekunde chache. Kwenye miaka ya 1930 mwanzoni akapoteza meno kwenye ajali. Kwa mwingine huo ungekuwa mwisho wa ndoto ya filamu, kwake ikawa mtaji. Inasimuliwa kwamba akiitwa kwa mwongozaji alikuwa anauliza kwanza: "Nije na meno au bila meno?" Akiwa na miaka arobaini na kitu tu, alikuwa anaigiza vizee vilivyochoka na watu wanaamini.

Matokeo yake? Oscar tatu za mwigizaji msaidizi, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940. Yeye ndiye mtu wa kwanza kabisa kushinda kipengele hicho. Kwenye hiyo ya 1940, The Westerner, steringi alikuwa Gary Cooper, moja ya sura kubwa za wakati ule. Tuzo ikaenda kwa mzee wa pembeni. Na cheki hii: wasaidizi enzi hizo hawakupewa ile sanamu ya dhahabu. Walipewa bamba la ukutani. Sanamu kamili walianza kupewa 1944.

MIAKA 45 KABLA YA BONGO MOVIE

Sasa rudi Tanga. Simulizi za maisha ya Majuto zinataja mwaka 1958 kama mwanzo wake jukwaani, akiwa bado mtoto. Piga hesabu. Televisheni ya ITV ilianza 1994. Filamu ya Girlfriend, ambayo wengi wanaihesabu kama iliyofungua mlango wa Bongo Movie, ilitoka 2003. Maana yake soko la CD linaanza kuchangamka, mzee ana miaka 45 kwenye kazi. Wengi walimjua akiwa tayari ana umri wa babu, wakadhani ndio kwanza ameanza.

Tofauti yake na Brennan ni kwamba Majuto alitoka pembeni akaja mbele. Ilifika mahali jina lake kwenye kava ndilo linalouza CD, steringi awepo asiwepo. Vijana nao walipenda kusimama naye. Sharo Milionea, mtoto mwingine wa Tanga aliyefariki kwa ajali ya gari kule Muheza Novemba 2012, aling'aa sana akiwa pembeni ya mzee huyu. Kijana anajifanya wa mjini, mzee anamkata kwa neno moja. Hapo hata steringi hahitajiki.

Lakini ukimtazama vizuri, Majuto alikuwa anaigiza mtu yule yule maisha yake yote. Mzee mbahili. Mzee anayekataza wengine kisha anafanya yeye. Baba anayefukuza wachumba wa binti yake asubuhi, jioni yuko dirishani anamnyemelea jirani. Lafudhi ya Tanga, macho ya kutoa, na ule ukimya wake. Alikuwa anaweza kumtazama tu mtu bila kusema, na watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Ndiyo maana alieleweka kila kona. Basi likitoka Njombe kwenda Dar, likishaipita Makambako na kuanza kuitafuta Mafinga, konda anaweka filamu, na abiria waliokuwa wamenuna kwa baridi wanaanza kucheka pamoja. Kule juu Tandala, Makete, CD zilipanda na mizigo ya wafanyabiashara waliotoka kufungasha Kariakoo. Mtu ambaye hajawahi kuiona bahari alimuelewa mzee wa pwani bila tafsiri, kwa sababu mjomba wa namna ile yupo kila ukoo.

SURA NI YAKO, HAKI NI YA NANI?

Hapa ndipo penye ishu yenyewe.

Mfumo wa filamu za Bongo kwa muda mrefu ulikuwa hivi: unaigiza, unalipwa mara moja, basi. Filamu iuze, isiuze, ichezwe kwenye mabasi mia, irudiwe kwenye TV miaka kumi, wewe ulishamalizana nao. Juu yake kulikuwa na CD feki, kiasi kwamba mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za TRA kwenye kazi za muziki na filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na hilo neno hakishiriki linamgusa mwigizaji moja kwa moja. Tatizo ni kwamba sheria ikupe haki, kisha wewe uisaini kwenye karatasi ambayo hukuisoma, inakuwa imekwenda.

Majuto alikuwa pia sura ya matangazo. Mwaka 2018 akiwa anaumwa, tena amepelekwa mpaka India kutibiwa, suala la mikataba yake likawa habari ya nchi. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe, alitangaza kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na ya King Majuto ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Fikiria hapo. Mtu ana miaka 70, yuko kitandani, ndipo nchi inaanza kuuliza alisaini nini.

Tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane, alifariki Muhimbili. Akarudishwa Tanga kuzikwa.

WENZETU WALIGOMA

Usidhani Hollywood ilikuwa peponi. Studio kubwa zilikuwa zinamfunga mwigizaji kwa mikataba ya hadi miaka saba. Televisheni ilipokuja, filamu za zamani zikaanza kurudiwa sebuleni kwa watu, hela zikaingia, walioigiza hawakupata kitu.

Machi 1960 chama cha waigizaji kikagoma. Rais wa chama alikuwa Ronald Reagan, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Walichopata: filamu za kuanzia 1960 zikirudiwa kwenye TV, mwigizaji analipwa. Za kati ya 1948 na 1959, wenye studio wakatoa dola milioni 2.25 kwenye mfuko wa pensheni na afya. Za kabla ya 1948? Sifuri.

Sasa rudi kwa Brennan. Filamu zake tatu za Oscar zote ziko kwenye hilo kundi la sifuri. Yeye hakufa maskini, maana tamthilia ya TV ilimbeba uzeeni. Lakini wenzake wengi wa pembeni, ambao hata majina hayakumbukwi, walikaa nyumbani wakijitazama kwenye skrini bila kulipwa senti. Mgomo uliwasaidia waliokuja nyuma yao.

Hilo ndilo la kuangalia kwetu. Kelele za 2018 hazikuweza kumrudishia Majuto miaka 60 ya kazi. Zinaweza kumsaidia anayekuja, kama huyo anayekuja anajua kilichotokea.

Na anayekuja ni nani? Ni huyo dogo anayerekodi vichekesho kwa simu pale stendi ya Makambako, kajifunga msuli na kujichora mvi, watu wanacheka na kumsambaza. Siku moja atapigiwa simu na kampuni, ataona hela ambayo hajawahi kuishika, ataambiwa "saini hapa." Kabla hajashika kalamu aulize mambo matatu. Sura yangu itatumika wapi? Kwa muda gani? Mkiirudia, nalipwa nini? Wakikasirika kwa maswali hayo, jibu ameshalipata.

Na ukipanda basi, skrini ikawashwa, yule mzee akatokea, cheka kama kawaida. Ila majina yakianza kupita mwishoni, usikimbilie simu. Subiri lipite la kwake.