Kuwasha mota kwa maikrokontrola: kitufe chekundu kisipite kwenye programu

Kuanzia Mkuza, Kibaha, hadi vijiji vya Kisarawe, mota za umeme zinasaga mahindi, zinapandisha maji ya visima na kupasua mbao. Vijana wanaojifunza elektroniki sasa wanataka kuziendesha kwa Arduino, kibao chenye maikrokontrola kilichoanzia Italia mwaka 2005, ili pampu izime yenyewe tenki likijaa. Inawezekana, na vifaa vyake si ghali. Ila kuna kazi moja ambayo maikrokontrola haipaswi kuachiwa peke yake, nayo ni kuzima mota mtu anapokuwa hatarini.

Tuanze na mpangilio. Pini ya maikrokontrola hutoa volti 5 au 3.3 na mkondo mdogo mno, hivyo hutumwa kwenye moduli ya rilei. Ile rilei ndogo ya bluu imeandikwa ampia 10, na maandishi hayo yamewaponza wengi. Mota ya njia tatu ya hospawa 7.5, kwenye volti 400, hula takriban ampia 11 ikiwa kazini, na inapoanza kuzunguka huvuta mara sita hivi ya hapo. Pointi za rilei zitaungua, au zitashikana na mota isizimike. Kwa hiyo rilei isiguse mota kabisa. Kazi yake ni kulisha koili ya kontakta, yaani A1 na A2, ambayo kwa kontakta ndogo ya volti 230 huvuta chini ya nusu ampia. Mzigo wa mota unabebwa na kontakta, ikiwa na ovalodi yake.

Sasa njia ya koili. Umeme upite kwanza kwenye fyuzi, kisha kitufe chekundu cha kuzima, kisha pointi 95 na 96 za ovalodi, ndipo ufike kwenye rilei na koili. Vyote vifuatane kwenye waya mmoja. Wapo wanaounganisha kitufe chekundu na ovalodi kwenye pini za Arduino ili programu iamue. Hapana! Programu ikiganda, au pointi za rilei zikishikana, kitufe hicho hakina maana. Kikiwa kwenye waya wa koili, kinakata bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa mashine ya kusaga kuna hatari nyingine, na hii ndiyo inayokata vidole. Umeme unakatika, mtu anaingiza mkono kutengeneza mkanda, umeme unarudi na programu inaanza upya. Mashine ya namna hiyo iwashwe kwa kitufe cha kijani kinachobonyezwa na mtu, kisha pointi 13 na 14 za kontakta, zilizounganishwa sambamba na kitufe hicho, ziishikilie. Umeme ukikatika kontakta inaachia na haivuti tena mpaka abonyeze. Rilei ya maikrokontrola iwekwe kwenye waya huohuo kama ruhusa tu: inaweza kuzima, haiwezi kuwasha. Pampu ya kisima ambayo mkono haufiki inaweza kujiwasha yenyewe, ila programu isubiri dakika chache umeme utulie.

Koili inapoachia hurusha mshtuko wa umeme unaoweza kuigandisha maikrokontrola. Funga kizuizi cha rezista na kapasita kwenye A1 na A2, na waya za sensa zisilale pamoja na za mota. Moduli nyingi, tena, huvuta rilei pini ikiwa chini. Programu iipandishe pini kabla ya kuitangaza kuwa ya kutoa, la sivyo rilei itagonga kila kibao kikiwaka.

Pointi za kontakta yenyewe nazo huweza kushikana, na hapo kitufe chekundu hakisaidii. Ndiyo maana kabla ya kugusa mkanda lazima swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayetengeneza.

Upande wa volti 230 na 400 ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Akimaliza, mwombe jaribio moja mota ikiwa inazunguka bila mzigo: achomoe umeme wa maikrokontrola. Mota isiposimama, usimlipe bado.