Upepo Una Wenyewe

Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, Marekani iligeukia upepo. Kuanzia 1981, mitambo ya kufua umeme ilisimikwa kwa maelfu kwenye vilima vya Altamont Pass, California. Lakini vilima hivyo vina kindi wengi waishio mashimoni, na kindi ni riziki ya tai. Tai akikazia macho windo, haoni panga linalozunguka. Mwaka 2004 watafiti walikadiria kuwa tai-dhahabu 75 hadi 116 walikuwa wakiuawa hapo kila mwaka, nao ni ndege wanaozaana taratibu. Baadaye mitambo mingi ya zamani iling'olewa, ikawekwa michache mikubwa, tena kwa kuchagua mahali. Mimi siupingi umeme wa upepo. Moshi nao unaua. Nasema tu, anayepima nguvu za upepo apime na njia za ndege kabla ya kuchimba msingi.