Gugu, Mboga na Uenyeji: Kutoka Dakota hadi Mowlem

Makala haya yanachunguza jinsi mmea unavyopewa au kunyimwa uenyeji kwa jina unaloitwa. Mfano wa kwanza ni Salsola tragus, gugu la msimu mmoja ambalo, likishakauka, hukatika shinani na kubingirishwa na upepo huku likimwaga mbegu zinazoweza kufikia 250,000. Asili yake ni Ulaya na Asia. Liliingia katika eneo ambalo leo ni Dakota Kusini, Marekani, katika miaka ya 1870, limechanganyika na mbegu za kitani kutoka Urusi. Wakulima walililaani. Hata hivyo, wimbo wa Bob Nolan na filamu ya Gene Autry ya mwaka 1935 vilichangia kulifanya nembo ya Magharibi ya Marekani. Sanaa ilimpa mgeni uenyeji.

Mfano wa pili uko Mowlem, mtaa wa wapangaji katika Eastlands ya Nairobi, jirani na Umoja na Dandora. Mchicha, ambao kwa uainishaji unaofuatwa na wengi leo ni wa familia moja na Salsola, huota wenyewe kando ya mitaro. Pia huuzwa kwa mafungu na akina mama mboga. Wagikuyu huuita terere, Wajaluo ododo. Kitabu cha G. W. Ivens cha mwaka 1967 kiliuweka miongoni mwa magugu ya Afrika Mashariki. Kile cha Maundu, Ngugi na Kabuye, kilichotolewa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya mwaka 1999, kiliuweka miongoni mwa vyakula vya jadi. Mmea haukubadilika, kilichobadilika ni jicho la mtazamaji. Isitoshe, Amaranthus hybridus na Amaranthus dubius, aina mbili ziitwazo mboga za kienyeji, asili yake ni Amerika.

Kinaya hiki kina uzito kwa uhakiki. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970, ambamo Kichomi (1974) ya Kezilahabi ilihusika, uliendeshwa kwa msamiati huohuo. Wanamapokeo waliyaona mashairi huru kuwa ya kuletwa. Watetezi wakayatafutia mizizi katika fasihi simulizi. Pande zote mbili, basi, zilikubali kwamba asili ndiyo hakimu. Terere ya Mowlem yapinga hukumu hiyo: uenyeji wake umetokana na jikoni, si na chimbuko. Vivyo hivyo, utungo hauna budi kupimwa kwa wanaoutumia na kwa haja unayowatimizia.