Mtoto wa dawati la nyuma

Nilikuwa nyumbani, Kamsamba. Kwa wasiopajua, ukitoka Tunduma unaacha baridi ya juu na kuteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, mpunga na ufuta. Ukivuka mto Momba uko Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa. Mimi nikisoma huko tulikuwa bado wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Momba ikawa wilaya mwaka 2012, na Songwe ikawa mkoa mwaka 2016.

Nilikutana na jamaa niliyesoma naye darasa la tatu mwaka 2007, katika shule moja ya bondeni ambayo sitaitaja. Jina lake pia nalihifadhi. Leo ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, na anaheshimika. Haskii injini inavyolia, anaweka kiganja juu yake na kukwambia tatizo liko wapi. Aliponiona alicheka, akagusa sikio lake, kisha akafanya kama mtu anayeandika hewani. Nikaelewa, nami sikuweza kucheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Darasani tulizidi themanini, na tulipangwa kwa urefu. Yeye alikuwa mrefu, akatupwa nyuma kabisa. Mwalimu alitusomea imla akiwa ameelekea ubaoni, jamaa akabaki anachungulia daftari la jirani. Akichapwa kwa kuibia, alisomewa na methali juu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na kwa kuwa hakusikia sauti yake mwenyewe, aliongea kwa nguvu. Kiranja wa darasa nilikuwa mimi, na kazi ya kiranja mnaijua: kuandika majina ya wapiga kelele. Jina lake lilikuwa la kwanza karibu kila siku. Darasa la nne hakulimaliza.

Tangu nirudi mjini nimekuwa nikijiuliza: kosa lilikuwa la nani? Mwalimu mmoja asiye na msaada? Mimi na karatasi yangu? Au kuna historia ndefu iliyompangia yule mtoto dawati lile kabla hatujazaliwa? Nimesoma kidogo, naomba niwashirikishe.

Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini ilianzishwa na makanisa, siyo serikali. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua Shule ya Viziwi Tabora, na mwaka 1974 ikaja ile ya Buguruni, Dar es Salaam. Zilifanya kazi kubwa, tusizibeze. Lakini hebu fikiria mzazi wa Kamsamba, mtoto ana miaka saba, anaambiwa shule yake iko Tabora. Nauli ataitoa wapi? Na atamwachaje mtoto asiyeweza hata kujieleza kwa wageni?

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto. Neno lilikuwa "wote". Kilichofanyika hasa kilikuwa kujenga madarasa na kuhesabu vichwa. Hadithi ikajirudia baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 2001 na mpango wa MMEM kuanza mwaka 2002. Watoto walimiminika, na mimi na jamaa yangu ni zao la mmiminiko huo. Mlango ulifunguliwa, nashukuru. Ila ndani hakuna aliyeuliza nani anasikia na nani haoni ubao.

Hapa ndipo napenda kumtaja Mtanzania mmoja ambaye wengi wetu hatukumsikia chuoni: Joseph Kisanji, mtaalamu wa elimu maalumu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Miaka ya 1990 alifanya jambo ambalo wasomi wengi wangeliona la kizamani: alichambua methali na simulizi zetu ili kujua jamii zetu ziliwatazamaje watu wenye ulemavu. Kisha, mwaka 1998, aliandika kuhusu safari ya kuelekea elimu jumuishi katika nchi zisizo za Magharibi.

Hoja yake, kwa lugha yangu, ni hii. Kabla ya shule kulikuwa na elimu, na elimu ile haikumtenga mtoto kwa mahali, wakati wala hadhi. Ilifundisha mambo yanayomhusu, kwa njia inayomfaa, yenye matumizi pale pale, na iliendeshwa na jamii yenyewe. Kwa hiyo tunapoambiwa elimu jumuishi ilizaliwa Salamanca, Hispania, Juni 1994, pale serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa yalipokubaliana shule za kawaida zipokee watoto wote, tukumbuke kwamba sehemu ya wazo hilo tulikuwa nayo.

Niliposoma hayo nilikumbuka shamba la mpunga. Jamaa yangu huyu huyu, "mbumbumbu" wa darasani, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote katika kuamia ndege. Mjomba wake alimfundisha kwa mikono na macho, na yeye aliliona kundi la ndege kabla sisi hatujasikia mbawa. Shambani hapakuwa na dawati la nyuma. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alishaandika kitu kinachofanana na hicho: kasoro ya mwili ni jambo moja, lakini kinachomkwamisha mtoto zaidi ni namna jamii inavyompokea na kumfundisha.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa pepo. Wapo waliofichwa ndani, na methali zetu nyingine zinauma. Tena mwishoni mwa miaka ya 2000, wenzetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo, watoto wengi walipelekwa shule kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Pale kuwatenga kuliokoa maisha. Anayesema shule zote maalumu zifungwe kesho aanze kwanza kuwaeleza wazazi wa watoto wale.

Sheria sasa tunayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Mikakati ya taifa ya elimu jumuishi imeandikwa zaidi ya mara moja tangu 2009. Ni vizuri. Lakini nikiitazama hadithi ya jamaa yangu naona mengine hayakusubiri mkakati wala wafadhili. Kumleta dawati la mbele ni bure. Mwalimu kugeuka na kuwatazama watoto anaposoma imla ni bure. Kumuuliza mama yake, "Huyu nyumbani mnamwitaje akasikia?" ni bure pia. Lugha ya alama, walimu waliosomea na vifaa vinahitaji fedha, na hizo tuzidai serikalini bila aibu. Ila tusijifiche nyuma ya fedha kwa yale yasiyoidai.

Nami nina deni langu. Miaka ile niliandika jina lake kwenye karatasi bila hata mara moja kujiuliza kwa nini anapiga kelele. Leo kazi yangu ni kuuliza maswali. Siku ile pale mashineni nilishika mkono wake kwa mikono miwili, kama tunavyowasalimu wakubwa. Sijui kama aliuelewa msamaha wangu, maana sikuwahi kujifunza kuongea naye. Hilo nalo ni kosa langu, siyo la sikio lake.

Wewe darasani kwenu dawati la nyuma alikaa nani? Yuko wapi leo? Naomba kutoa hoja.