Mti wa Buddha na Mfalme wa Nyoka

Pengine tunasikia watu wakisema: « Wahindi wanaabudu nyoka, nyoka ndiye Shetani, basi wanaabudu Shetani. » Neno hili ni fupi, tena jepesi kushika. Lakini je, ni la kweli? Mbele ya kufundisha wengine, yafaa sisi wenyewe tujue habari.

Tuanze na mti. Huko Bodh Gaya, katika jimbo la Bihar, inchi ya Uhindi, upo mti wa namna ya mtini, ndugu yake mkuyu wetu. Majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu. Hata upepo mdogo unayatikisa. Watu wa pande zile waliheshimu miti ya namna hii tangu kale: katika magofu ya Mohenjo-daro, mji wa miaka zaidi ya 4000, ulifukuliwa mhuri wenye sura ya mmoja mwenye pembe, amesimama katikati ya matawi yake.

Wabuddha wanasadiki kwamba chini ya mti huo Siddhartha Gautama, yapata karne ya 5 mbele ya Kristu, alikaa akiwaza mpaka akaelewa asili ya mateso ya wanadamu na njia ya kuyashinda. Ndipo akaitwa Buddha, maana yake Aliyeamka. Wachongaji wa kwanza, kule Bharhut na Sanchi, hawakuchonga sura yake; walichonga mti na kiti kitupu tu.

Mti wenyewe ulipata taabu nyingi. Xuanzang, mtawa Mchina aliyefika huko karne ya 7, aliandika kwamba mfalme Shashanka aliukata, nao ukachipuka tena. Mwaka 1876 tufani iliuangusha; mchipukizi wake ukapandwa pale pale. Lakini zamani za mfalme Ashoka, karne ya 3 mbele ya Kristu, tawi moja lilipelekwa Sri Lanka. Vitabu vya kisiwa hicho vyasema aliyelileta ni binti yake, Sanghamitta. Mti wa tawi lile ungali hai huko Anuradhapura. Mwaka 1985, katika vita vya wenyeji, watu wenye bunduki waliwaua mahujaji karibu nao.

Sasa nyoka. Hadithi yasema Buddha alipokuwa angali akiwaza, mvua kubwa ilinyesha siku saba. Mucalinda, mfalme wa nyoka, akatoka, akamzungushia mwili wake mara saba, akatandaza kichwa chake juu yake kama mwavuli. Mvua ilipokwisha, akageuka kijana, akamsujudia. Katika hadithi hii nyoka ni mlinzi, si mdanganyifu.

Kwa Wahindu nyoka ana sura nyingi. Vishnu hulala juu ya nyoka Shesha katikati ya bahari. Kaliya alitia sumu mto Yamuna, na Krishna akacheza juu ya vichwa vyake mpaka akashindwa. Vasuki alikuwa kamba ya miungu na maadui wao, waliposukasuka bahari wapate dawa ya kutokufa. Lakini kwanza ilitoka sumu, naye Shiva akainywa ili kuokoa ulimwengu, koo lake likawa la buluu. Basi nyoka mmoja anabeba, mwingine anaua, mwingine anatumikia. Kuwaita wote Shetani ni kusoma kitabu cha mwenzetu kwa miwani yetu.

Hata katika Biblia, nyoka hana maana moja tu. Katika Mwanzo anadanganya. Katika Hesabu, Musa anasimamisha nyoka wa shaba, na waliomtazama wanapona. Yezu mwenyewe alitumia mfano huo juu ya msalaba wake. Lakini baadaye watu walimfukizia ubani nyoka yule, na mfalme Hezekia akamvunja. Kitu ni kile kile. Mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitaja dini ya Wahindu na ya Wabuddha kwa majina yao, ukafundisha kwamba Eklezya haikatai yaliyo ya kweli na matakatifu ndani yake. Hatuambiwi tuamini hadithi ya Mucalinda. Tunaambiwa tusiwasingizie waliotuhadithia. Amri ya nane haisemi: « Usimshuhudie uongo mkristu mwenzako » tu. Yasema: jirani.