Hati ya ibada

Hati ya ibada ni mwandiko wa mkono unaoandikwa kwa ajili ya dini kwanza, uzuri baadaye: sutra, aya, dua au jina takatifu, kwa brashi au kalamu maalumu, kwa kanuni ambazo mwanafunzi huzipokea kwa mwalimu. Makala hii inamhusu hasa msafiri anayeketi kuijaribu sanaa hiyo, katika mahekalu ya Kibudha nchini Japani na katika pwani ya Waswahili. Mwishoni inafika Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako neno la ibada lilidumu karne nyingi bila kalamu.

Wapangaji wa safari wamezoea kuiweka katika fungu moja na kusuka ukili au kujifunza kupika pilau. Kuna tofauti moja ambayo mgeni hugundua akiwa ameshaketi: kilichoandikwa, mara nyingi, hakikukusudiwa aondoke nacho.

Japani

Sanaa ya kuandika kwa brashi nchini Japani huitwa shodo, na kunakili sutra kwa brashi huitwa shakyo. Hiyo ya pili ndiyo mahekalu mengi huwafungulia wageni. Kumbukumbu yake ya kwanza ni ya mwaka 673, makarani walipokusanywa katika hekalu la Kawaradera kunakili maandiko ya Kibudha. Karne iliyofuata serikali ilikuwa na karakana ya wanakili mjini Nara. Walilipwa kwa idadi ya karatasi na kukatwa ujira kwa makosa. Vipeperushi vya utalii, vinavyopenda kuzungumzia utulivu wa nafsi, haviwataji makarani hao. Kukai (774–835), mtawa aliyeleta madhehebu ya Shingon kutoka China, anahesabiwa miongoni mwa waandishi watatu wakubwa wa zama zake pamoja na Kaizari Saga na Tachibana no Hayanari. Wajapani wana methali kwamba hata yeye brashi iliwahi kumteleza.

Mgeni hulipa ada, huvua viatu na kuketi kwenye mkeka wa tatami mbele ya meza fupi. Mezani pana jiwe la wino, kipande cha wino mkavu uitwao sumi, brashi na karatasi. Sumi hutengenezwa kwa masizi yaliyokandwa na gundi ya wanyama, na Nara imekuwa kitovu cha kazi hiyo kwa karne nyingi. Anadondosha maji kidogo kwenye jiwe, anashika kipande cha sumi na kukisugua polepole, huku na huku, mpaka maji yawe meusi na mazito. Hapa hakuna haraka. Wino mwepesi husambaa kwenye karatasi na kula kingo za herufi. Mzito kupita kiasi huifanya brashi iburuze. Mahekalu yenye wageni wengi siku hizi huweka wino wa chupa, au kalamu yenye ncha ya brashi. Jambo hilo linaeleweka, ila linaondoa sehemu iliyo bora kabisa ya zoezi zima, maana ni wakati wa kusugua ndipo mtu anapoacha kuzungumza.

Andiko la kawaida ni Sutra ya Moyo, yenye herufi 262 bila kuhesabu kichwa chake. Karatasi huwa na herufi zilizochapwa kwa rangi hafifu, au huwekwa juu ya kielelezo kinachoonekana kwa chini, na mwandishi hufuatisha. Kwa hiyo mtu asiyejua hata herufi moja ya Kichina anaweza kuimaliza, kwa saa moja au mbili. Safu hushuka kutoka juu kwenda chini, ya kwanza ikiwa kulia kabisa. Brashi hushikwa wima, na unene wa mstari hutokana na kubonyeza: ukiikandamiza unanenepa, ukiinyanyua unakonda mpaka uishe. Kinachowashinda wageni wengi si herufi, ni magoti. Mkao wa kukalia visigino hauna huruma kwa mtu aliyezoea kiti, na mahekalu kadhaa yameshaweka meza ndefu kwa ajili hiyo.

Mwishoni mwandishi huongeza tarehe, jina lake na nia moja, kwa mfano afya ya mzazi, mtihani wa mtoto au kumbukumbu ya marehemu. Karatasi hupelekwa mbele ya sanamu na aghalabu hubaki hekaluni. Hekalu la Yakushiji mjini Nara limeonyesha nguvu ya utaratibu huo. Mwaka 1968 mkuu wake, Takada Koin, alianza kuwaomba watu wanakili sutra na kutoa sadaka pamoja na kila nakala, lengo likiwa nakala milioni moja. Kwa fedha hizo ukumbi mkuu ulijengwa upya na kukamilika mwaka 1976. Saihoji mjini Kyoto, hekalu maarufu kwa bustani ambayo ardhi yake yote imefunikwa na mimea midogo ya kijani ya kupenda unyevu, limekataa wageni wasioomba nafasi mapema tangu mwaka 1977, na likaiweka sutra mbele: mgeni anaandika kwanza, ndipo anaingia bustanini. Waliofuata picha tu hulalamika. Ndiyo maana utaratibu ukawekwa.

Msafiri asiitafute shakyo katika hekalu la Kibudha la Upanga, Dar es Salaam. Hilo lilianzishwa mwaka 1920 na jumuiya ya Wasinhala kutoka Sri Lanka, wafuasi wa Theravada, ambao maandiko yao ni ya Kipali na ibada yao ni kuyaghani na kutafakari. Brashi na herufi za Kichina ni mambo ya Ubudha wa Asia ya Mashariki.

Pwani ya Waswahili

Hati iliyo karibu zaidi na shakyo katika Afrika Mashariki ni ile ya Kurani, na ni kongwe kuliko maandishi yoyote ya Kiswahili yaliyosalia. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe la kibla, yakiwa na tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Barua za Kiswahili kongwe zinazojulikana, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, ni za mwaka 1711 na zilitoka Kilwa.

Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulikuwa na waandishi wa misahafu katika karne ya 18 na 19. Kurasa zake hutambulika kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na kwa nakshi za pambizoni zinazokaribiana na michoro ya milango na samani za pwani hiyo. Mji huo ulikuwa na mafundi wa mbao na ngozi pia, kwa hiyo msahafu uliweza kuandikwa, kupambwa na kujalidiwa papo hapo. Misahafu ya chapa kutoka Bombay na Cairo ndiyo iliyoua soko lao, pengine kuliko vita vyote ambavyo masultani wa Unguja walipigana na Siyu.

Chombo ni kalamu ya tete. Tete kavu huchongwa kwa kisu kikali, ncha ikakatwa mshazari, kisha ikapasuliwa kidogo katikati ili ishike wino. Upana wa ncha ndio kipimo cha kila kitu. Fundi huigusisha kwenye karatasi ikaacha nukta ya pembe nne, na kwa nukta hizo hupima: herufi ya alifu katika mtindo wa naskhi ina urefu wa nukta tano hivi, katika mtindo wa thuluthi saba. Vipimo hivyo hunasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Aliyetoka kwenye brashi ya Kijapani hulazimika kusahau alichojifunza, kwa kuwa tete hailegei ikibonyezwa. Mstari hunenepa au kukonda kwa pembe ya kalamu, na pembe hiyo ikishachaguliwa haichezewi.

Mgeni huanza na nukta, kisha alifu, kisha be. Alifu kwa mbali ni mstari tu. Kwa karibu ina kichwa kidogo, tumbo lililoinama kidogo na mkia mwembamba, na mkono usiozoea huitoa imesimama kama msumari. Fundi huandika ya kwake pembeni, kwa pigo moja, bila kusema neno. Huo ndio ufundishaji wenyewe.

Vyuoni, watoto walijifunza kwa ubao. Mwalimu aliandika, mtoto akasoma mpaka akahifadhi, ubao ukaoshwa, yakaandikwa mengine. Maandishi yaliyofutwa hayakuhesabiwa kuwa yamepotea, maana yalishahamia kifuani. Kombe limekwenda mbali zaidi: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji au marashi ya waridi, na mgonjwa akayanywa. Wapo maulamaa wanaolipinga, na mjadala huo haujaisha, lakini bado linaandikwa. Ukiliweka kombe kando ya nakala ya sutra inayoachwa hekaluni, unaona kwa nini karatasi ya ukumbusho ya mtalii ni jambo geni katika mila zote mbili.

Kwa hiyo mgeni asishangae akipewa jina lake mwenyewe aliandike badala ya aya. Aya inataka udhu, na karatasi yake haitupwi ovyo. Jina halina masharti hayo, na likiharibika hakuna aliyekosewa. Lamu ndiyo mahali pazuri pa kuiona sanaa hii ikiwa hai, hasa wakati wa Maulidi, ambapo mashindano ya hati hufanyika katika siku zile zile za mbio za punda na za majahazi. Unguja hati hutazamwa zaidi kuliko kuandikwa, juu ya milango ya Mji Mkongwe. Ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ndiyo mashuhuri zaidi, ingawa sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020.

Kiswahili chenyewe kiliitumia hati hii kwa taabu, kwa kuwa Kiarabu hakina herufi za p, ch, g na v, wala hakitenganishi e na i, au o na u. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliirekebisha kwa kuongeza alama katika karne ya 19, na katika karne ya 20 Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) akaendelea kuitetea na kuifundisha. Serikali za kikoloni zilikuwa zimeshachagua herufi za Kirumi.

Mbulu na Hanang

Barani mambo yalikuwa mengine. Wairaqw wa Mbulu, wasemaji wa lugha ya Kikushi, na Wabarabaig wa Hanang, tawi la Wadatoga ambao lugha yao ni ya Kiniloti, hawakuwa na hati. Ibada ilikaa mdomoni. Slufay ni dua ya Wairaqw inayosemwa wazee wakikutana, mara nyingi penye pombe: mmoja anatangulia, waliobaki wanaitikia kwa pamoja, na huombwa mvua, uzazi, afya ya mifugo na amani na majirani. Msemaji hodari hutunga papo hapo kwa mafungu ya maneno yanayojulikana, kwa hiyo slufay mbili hazifanani kabisa. Mgeni haombwi kuijaribu. Anaweza kuitikia, na kuitikia kunatosha. Kwa Wabarabaig, wanawake huimba kumwomba Aseeta, Mungu, na mzee mwenye heshima akifariki hujengewa bung'eda, kilima cha udongo kinachopandishwa kidogo kidogo kwa miezi mbele ya watu waliotoka mbali.

Herufi zilikuja na shule na misheni za Kikatoliki na za Kilutheri, nazo zilikuwa za Kirumi. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haina pa kuziweka. Moja ni ile sauti ya kooni ambayo Waarabu huiandikia ain. Katika tahajia ya Kiiraqw imepewa alama ya mkwaju, na nchi ya asili ya Wairaqw, kwenye nyanda za juu upande wa Kainam, huandikwa Irqwar Da/aw. Ain ya thuluthi, yenye mdomo wazi na tumbo kubwa, humtesa mwanafunzi wa Lamu kwa muda mrefu. Mtoto wa Mbulu huimaliza kwa pigo moja la mshazari, kwa kalamu ya kawaida. Kwa tahajia hiyo wataalamu wa lugha wamerekodi na kuchapisha slufay kadhaa.

Mgeni anayetaka kusikia slufay, au kufika kwenye bung'eda vijiji vya kuzunguka Katesh na Mlima Hanang, huanza kwa uongozi wa kijiji na wazee wa familia husika. Hakuna ada iliyobandikwa ukutani wala ratiba. Kurekodi kwa simu huombewa ruhusa kabla, na kwenye msiba ruhusa hiyo inaweza kukataliwa bila maelezo.